Umeona kitu cha ajabu angani: ukiiuliza serikali, hukujibu nini?

Swali la makala hii limetoka Ikombe. Mvuvi mmoja wa huko alitupigia simu studio asubuhi, akasema jana yake kama saa mbili usiku, wakiwa ndio kwanza wamewasha taa za kuvutia usipa, waliona mianga mingi midogo ikifuatana angani kama shanga kwenye uzi. Haikuwa na mlio wowote. Ilitokea upande wa Malawi, ikapanda, ikaelekea Milima ya Livingstone, na kabla haijafika milimani ikazimika mmoja baada ya mwingine. Mtumbwi wa jirani ulivuta nyavu ukarudi nchi kavu bila kitu. Yeye alibaki, ila alikiri kwamba hata aliporudi nyumbani usingizi haukuja.

Hakuniuliza kama wale ni viumbe kutoka dunia nyingine. Aliuliza hivi: "Sasa jambo kama hili, dada yangu, mtu unakwenda kumuuliza nani?"

Nilimjibu kwa kifupi maana taarifa ya habari ilikuwa inaingia. Jibu refu ndilo hili, na nimeliandika ili hata aliyekosa kipindi alisome kwenye simu.

Pete ya Mukuku

Mfano wa karibu kabisa uko kwa majirani zetu Kenya. Tarehe 30 Desemba 2024, majira ya saa tisa alasiri, kitu kilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Watu walisikia mshindo, wakatoka, wakakuta pete kubwa ya chuma. Kipenyo chake kilikuwa karibu mita 2.5 na uzito kama kilo 500. Kwa sisi wa Kyela, hayo ni magunia matano ya mpunga ya kilo mia mia, yameshuka kwa pamoja kutoka juu. Hakuna aliyekufa.

Angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho tunachokitafuta hapa. Wanakijiji walitoa taarifa kwa viongozi wa eneo. Eneo likalindwa. Kenya ina Shirika la Anga za Juu, lililoundwa mwaka 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi, na maafisa wake wakishirikiana na vyombo vingine walikwenda, wakakichukua kile chuma kwa uchunguzi. Tarehe 1 Januari 2025, sikukuu ya mwaka mpya, shirika likatoa taarifa kwa umma. Lilisema kwamba kwa uchunguzi wa awali hicho ni kipande cha roketi, pete inayotumika kutenganisha sehemu za roketi ikiwa safarini. Lilieleza kwamba vipande vya namna hiyo kwa kawaida huungua vikirudi duniani au huangukia baharini. Liliwaambia wananchi hakuna hatari, na kwamba suala litashughulikiwa kwa sheria za kimataifa za anga za juu.

Siku mbili tu! Mimi nimefanya kazi ya redio miaka kadhaa, na najua jinsi ilivyo vigumu kupata taarifa ya ofisi yoyote katika wiki ya Krismasi na mwaka mpya.

Lakini hata hivyo uvumi ulitangulia. Zilisambaa habari kwamba chuma kile ni cha India, kwa sababu India ilirusha roketi siku hiyo hiyo, na kwamba India imekwisha kudaiwa fidia. Shirika likalazimika kutoka tena kukanusha: uchunguzi haujakamilika na hakuna nchi iliyotajwa. Nje ya serikali nako wafuatiliaji wa vitu vya angani hawakukubaliana. Wapo waliokihusisha na roketi ya Ulaya ya aina ya Ariane iliyorushwa mwaka 2008, na yupo aliyesema yeye hajaridhika kwamba kile ni kitu cha kutoka anga za juu hata kidogo.

Jibu la serikali lilikuwa la awali, na lilisema wazi kwamba ni la awali. Hilo ni tofauti na kusema "tumemaliza".

Kikianguka, kina mwenyewe

Watu wengi hawajui kwamba kitu cha angani kikianguka shambani kwako, dunia ina sheria yake. Mkataba wa mwaka 1968 unasema nchi iliyokiona kitu kama hicho imjulishe aliyekirusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mkataba mwingine wa mwaka 1972 unasema nchi iliyorusha ndiyo inayolipa hasara ikitokea ardhini, na aliyeumia halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu.

Umewahi kutumika? Ndiyo. Tarehe 24 Januari 1978 setilaiti ya Urusi ya Kisovieti iitwayo Cosmos 954 ilianguka kaskazini mwa Canada. Ilikuwa inaendeshwa kwa nishati ya nyuklia, na vipande vyenye mionzi vilitawanyika kwenye eneo kubwa la theluji. Canada ikisaidiana na Marekani ilivitafuta kwa miezi. Kisha ikadai zaidi ya dola milioni 6 za Canada, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3.

Nimeitaja hiyo makusudi. Huku kwetu chuma chakavu ni biashara, na pete ya kilo 500 ni pesa. Anayewahi na msumeno kabla ya mtendaji wa kijiji hajafika anaweza kuwa anakata kitu ambacho hakijulikani kina nini ndani.

Wanapouliza kuhusu mwanga tu

Chuma ni rahisi, unakishika na kukipima. Kazi ni pale mtu anapokuja ofisini na kusema ameona mwanga, na mwanga wenyewe umekwisha kwenda zake. Serikali zimelijibu hilo kwa namna mbalimbali, na si zote za kujivunia.

Wamarekani wameanza zamani. Mwaka 1947, baada ya magazeti kuanza kuandika juu ya "visahani vinavyoruka", jeshi la huko lilitangaza kuwa limepata kimoja karibu na mji wa Roswell, halafu muda mfupi baadaye likasema ni puto la hali ya hewa. Mwaka 1994, baada ya karibu nusu karne, Jeshi la Anga likaeleza kwamba mabaki yale yalitokana na mradi wa siri wa maputo ya kusikiliza majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Warusi. Kwa hiyo puto lilikuwa kweli puto, ila si lile walilolitaja.

Jeshi hilo hilo liliendesha mradi ulioitwa Blue Book hadi mwaka 1969. Hesabu ya taarifa zilizokusanywa tangu 1947 ilifika 12,618, na kati ya hizo 701 zilibaki bila maelezo. Nyingi zilikuwa nyota, sayari, ndege, maputo na vimondo. Kazi yao kubwa ilikuwa kujua kama kuna hatari kwa usalama wa nchi. Wakishajua hakuna, raia aliyeuliza alipata barua fupi.

Na mara nyingine barua, au kauli, iliwaudhi watu. Machi 1966 huko Michigan watu wengi waliona mianga usiku karibu na vinamasi. Mtaalamu wa nyota wa jeshi, J. Allen Hynek, alikuja, na siku chache baadaye akawaambia waandishi kwamba baadhi ya mianga hiyo inawezekana ilikuwa gesi ya kinamasi. Wananchi waliona wamefanywa wajinga. Mbunge wao, Gerald Ford, ambaye baadaye alikuwa rais, akadai Bunge lisikilize suala hilo, na mwisho wake Chuo Kikuu cha Colorado kikapewa kazi ya kuchunguza upya. Huenda Hynek hakukosea kuhusu gesi. Ila ukimwambia mtu wa kinamasi kwamba hakijui kinamasi chake, usitegemee akushukuru. Ni kama mgeni aje Ikombe, aone ule moshi mweusi unaosimama juu ya ziwa, kisha amweleze mvuvi kwamba ni wadudu. Mvuvi anawajua wale wadudu tangu utotoni.

Kuna baya zaidi ya hilo. Mwaka 1997 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilichapisha historia iliyoeleza kwamba katika miaka ya mwisho ya 1950 na miaka ya 1960, zaidi ya nusu ya taarifa za visahani zilikuwa ndege zake za siri za upelelezi zilizoruka juu sana, na kwamba Jeshi la Anga lilikuwa likiwapa wananchi maelezo ya uongo ili kulinda siri hiyo. Wapo wanaobisha kwamba nusu ni nyingi mno. Lakini kwamba raia walidanganywa, wamelisema wenyewe. Ndiyo sababu leo, ofisi mpya ya Wizara ya Ulinzi iliyoanzishwa mwaka 2022 inaposema, kama ilivyosema Machi 2024, kwamba haikupata ushahidi wowote wa vyombo kutoka dunia nyingine, wapo Wamarekani wengi ambao hawaamini. Na fomu ya taarifa ya ofisi hiyo, ilipofunguliwa mwaka 2023, ilikuwa ya watumishi wa serikali wa sasa na wa zamani tu. Kwa hiyo mkulima wa Marekani naye, kama mvuvi wetu, hubaki akiuliza aende wapi.

Waingereza walikuwa na dawati na namba ya simu. Mwaka 2009 taarifa zilizidi 600, nyingi zikiwa za taa za karatasi ambazo watu huzirusha kwenye sherehe. Desemba mwaka huo wakalifunga dawati, wakisema kwa zaidi ya miaka 50 hakuna taarifa hata moja iliyoonyesha tishio. Walichofanya vizuri ni kuyafungua mafaili: kati ya 2008 na 2013 maelfu ya kurasa, pamoja na barua za wananchi na majibu yake, yalipelekwa kwenye nyaraka za taifa ambako mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Ninaowapenda mimi ni Wafaransa. Tangu mwaka 1977 shirika lao la anga za juu, huko Toulouse, lina kitengo kidogo cha kazi hii. Mwanakijiji wa Ufaransa aliyeona kitu huenda kwa polisi wa eneo lake, anaandikisha maelezo kama anavyoandikisha wizi wa ng'ombe, na maelezo yanafika kwa wataalamu. Kila tukio hupewa herufi: A maana yake limetambuliwa, B huenda limetambuliwa, C taarifa hazitoshi, D limechunguzwa na bado halijulikani. D ni chache sana, kama 3 katika 100. Januari 1981, katika kijiji cha Trans-en-Provence, mtu mmoja alisema kitu kilitua kwenye eneo lake kisha kikaondoka, na polisi walifika kesho yake wakachukua udongo na majani ya kupima. Tangu 2007 mafaili yao yamewekwa wazi kwenye intaneti. Herufi C ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu inamwambia raia ukweli bila kumdharau: ulichosema hakitoshi kwetu kuamua.

Umoja wa Mataifa nao uliombwa. Waziri Mkuu wa Grenada, Eric Gairy, nchi ya kisiwa iliyo ndogo kuliko wilaya zetu nyingi, alilibeba suala hili hadi Baraza Kuu. Desemba 1978 baraza likapitisha uamuzi wa kuzialika nchi zichunguze na kumjulisha Katibu Mkuu. Machi 1979 Gairy akapinduliwa akiwa safarini, na jambo lenyewe likapoa.

Afrika, na nani aliandika

Afrika hatukosi matukio. Februari 1951, wakati huku kukiitwa Tanganyika, wafanyakazi na abiria wa ndege ya East African Airways iliyotoka Nairobi kwenda Mombasa walisema waliona kitu kinachong'aa kimesimama juu ya Kilimanjaro. Waliosimulia zaidi ni magazeti.

Lililo maarufu zaidi ni la Zimbabwe. Tarehe 16 Septemba 1994, watoto wapatao 60 wa shule ya Ariel, huko Ruwa karibu na Harare, walisema wakiwa mapumzikoni waliona chombo na watu wadogo karibu na uwanja wa shule. Siku mbili kabla, mwanga mkubwa ulikuwa umepita angani kusini mwa Afrika, na huo ulitambuliwa kuwa roketi ya Urusi ikiungua wakati wa kurudi duniani. Waliokwenda kuwahoji watoto ni mwandishi wa BBC, mtafiti wa kujitegemea Cynthia Hind, na baadaye profesa wa Harvard, John Mack, aliyefika miezi miwili baada ya tukio. Kwa miezi miwili watoto huwa wamesikia mengi kutoka kwa wakubwa na kutoka kwa wenzao. Laiti siku ile ile angefika mtu aliyezoea kuchukua maelezo, akamkalisha kila mtoto peke yake, leo tungekuwa na kitu cha kushika. Watoto wale sasa ni watu wazima, na ubishi haujaisha.

Kwetu je?

Tanzania haina dawati maalumu la mambo haya. Usisikitike sana. Sisi wa nyanda za juu kusini tumezoea vya angani: Kimondo cha Mbozi, chuma cha zaidi ya tani 10, kiko palepale Ndolezi na serikali inakitunza. Tarehe 16 Desemba 1938 kingine kilianguka Ivuna, nacho ni adimu sana duniani ingawa kilichookotwa hakikufika kilo moja. Kazi ipo, ila imegawanyika kwenye ofisi mbalimbali.

Ndege, pamoja na ndege zisizo na rubani ambazo vijana wanaziita droni, ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na droni huhitaji kibali. Maputo ya hali ya hewa ni ya TMA. Kitu kinachoshukiwa kuwa na mionzi ni cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kama kimeanguka, mlango wako ni mtendaji wa kijiji au polisi, namba 112, na kutoka hapo taarifa hufika kwa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama. Usikisogelee, zuia watoto, na kumbuka mahali kilipo.

Kama unataka jibu la maandishi, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaandika ombi kwa ofisi ya umma inayohusika, nayo inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Inaweza kukataa kwa sababu za usalama wa taifa, lakini hata kukataa kunatakiwa kuwe na sababu.

Kwa nini nahangaika na jibu la maandishi kwa mwanga uliokwisha pita? Kwa sababu ya neno ungo. Wazungu walipoona mwanga wa duara walisema sahani. Sisi, wengi wetu, tunasema ungo, na ungo una mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi ni bibi kizee mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Mwanga ukikaa wiki mbili bila maelezo, atatafutwa mtu. Sheria ya Uchawi inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi, lakini sheria hufika baada ya nyumba kuchomwa. Tangazo la dakika moja la mtu anayeaminika, siku ile ile, linaweza kumfikia kijana mwenye kiberiti kabla hajaondoka kwake.

Kwa hiyo ukiona kitu, andika kwenye simu yako papo hapo: saa ngapi, kimetoka wapi kuelekea wapi, kimechukua dakika ngapi, kina mlio au hakina, kimeishaje. Nyoosha mkono ukunje ngumi, uhesabu ngumi ngapi kutoka kwenye ukingo wa milima au wa ziwa hadi kilipo. Ukipiga picha, mti au paa la nyumba lionekane, vinginevyo ni nukta kwenye giza. Na kama mko wawili, kila mmoja aandike kabla hamjaanza kusimuliana.

Mvuvi wa Ikombe alikuwa na saa, upande na namna mianga ilivyoisha, na hayo yalitosha kwa kuanzia. Mianga inayofuatana kwa mstari mmoja saa za mwanzo wa usiku ni tabia ya setilaiti za Starlink, za intaneti, ambazo tangu 2019 hurushwa kwa makundi na huonekana zikiwa zimepangana siku chache baada ya kurushwa. Hazina taa. Zinamulikwa na jua ambalo sisi huku chini limekwisha kutuchwea, na kila moja ikifika mahali kivuli cha dunia kinapoanzia, inapotea, halafu inayofuata nayo inapotea palepale. Kwa hesabu za Wafaransa ningeipa B, maana sikuwa pale.

Nilimpigia nikamweleza. Akacheka, akanipa namba ya mwenzake aliyerudi bila usipa, nimweleze na yeye. Nikampigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hiyo intaneti inayopita juu ya ziwa inalipa ushuru wa halmashauri.